Mkono wa Kushoto, Mara Mbili

Kazi ya Verl Jepson ilikuwa kutoonekana, na kazi hiyo aliifanya vizuri kuliko mtu mwingine yeyote katika mji wa Kanab. Stelingi wa tamthilia, Garrett Stroud, alikuwa na meno meupe na mabega mapana, lakini farasi akianza tu kukimbia alilikumbatia tandiko kama mtu aliyejikuta juu ya paa bila ngazi. Basi kila palipohitajika mbio, kuvuka mto au kuanguka, Verl alivaa shati la buluu kama la Stroud na koti la ngozi kama la Stroud, akalowesha utepe wa ndani ya kofia ili upepo usiichukue, akapanda, akawapa kamera mgongo. Watazamaji wa "Sherifu wa Bonde Jekundu" walimwona Stroud akipanda farasi na Stroud akishuka. Hapo katikati alikuwa Verl, na siku uso wake ukichungulia, picha ilitupwa na kazi ikaanza upya.

Hakulalamika. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na filamu za makauboi zilikuwa zimeacha kuja Kanab muda mrefu kiasi kwamba wenzake wengi walishauza farasi wao wakaenda kuendesha malori. Ndipo ikaja hii televisheni ya kebo. Watu wa kebo walikuwa na saa nyingi za kujaza na cha kuzijaza hawana, wakashuka na malori mawili na kamera ya mkopo, wakaanza kupiga picha kwenye majabali yale yale ambayo baba yake Verl aliwahi kuanguka kwa ajili ya filamu. Ajabu ni kwamba kebo yenyewe haikufika Kanab. Mbele ya kamera kinyozi wa mji alikuwa ameshanyongwa mara mbili, mke wa askofu, ambaye hajawahi kuonja bia, alikuwa mwenye baa, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kujiona.

Aliyewaona ni Nedra, mke wa Verl, na afadhali asingepata nafasi hiyo.

Mwezi wa tatu mwaka ule, 1983, Nedra alikuwa jikoni akikanda unga wa mkate. Kiharusi kikampiga upande wa kushoto, mkono na mguu, kwa mkupuo mmoja. Walimpeleka St. George, mwendo wa karibu saa mbili kwa gari, katika nyumba ya kuwauguza wagonjwa wa namna hiyo, na huko ukumbini kulikuwa na televisheni kubwa yenye kebo. Daktari alisema wazi. Mwisho wa Septemba wangekaa wamtazame. Akiweza kusimama mwenyewe na kuutumia ule mkono, atarudi nyumbani. Asipoweza, atahamishiwa ghorofa ya pili. Verl aliuliza watu wa ghorofa ya pili hushuka lini, daktari akaanza kupanga makaratasi yake.

Na Nedra alikuwa amekata tamaa. Mwanamke aliyezaa watoto wanne na kuwatoa wote nyumbani wakiwa na adabu na meno kamili, alikaa kwenye kiti cha magurudumu akauachia mkono wake mapajani kana kwamba ni mzigo wa mtu mwingine aliyesema atarudi kuuchukua. Dada Esplin, mama wa mazoezi ya viungo, alimbembeleza, akamkaripia, akambembeleza tena. Hakuna kilichosogea.

Jumapili moja ya mwezi wa tano Verl alivuta kiti akakaa mbele ya mkewe.

"Nedra, nisikilize."

"Nasikiliza. Masikio hayakupata kiharusi." Maneno yalimtoka yakiburuta kidogo, lakini makali yake yalikuwa palepale.

"Jumanne mnaangalia Sherifu?"

"Wanakokota kiti changu mpaka pale. Sina pa kukimbilia."

"Nikipita pale, nitagusa kofia kwa mkono wa kushoto. Mara mbili. Kama zamani, kwenye uzio wa baba yako."

Zamani hizo mzee Heaton, baba yake Nedra, hakutaka kumwona Verl nyumbani kwake, kwa sababu ambazo Verl mwenyewe, sasa akiwa na mabinti, alizielewa vizuri. Basi alikuwa akipita barabarani juu ya farasi, uzio uko kushotoni kwake, na badala ya kusalimia kwa mdomo aligusa ukingo wa kofia mara mbili. Nedra, akianika nguo, alijibu kwa mkono huo huo.

"Baba alijua," alisema Nedra.

"Alijua nini?"

"Kila kitu. Alisema yule mpumbavu wa Jepson ana chawa, hawezi kupita hapa bila kujikuna."

Verl akacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akageuka. Kisha akasema, "Basi mimi nikikusalimu, unijibu. Kwa mkono huo."

"Huu haujibu mtu."

"Utanidharau mbele ya watu?"

"Nenda kwenu, Verl," alisema Nedra, lakini hakulisema vibaya.

Kuahidi ni rahisi. Mpanda farasi hushika hatamu kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukabaki huru, kwa hiyo kugusa kofia kwa kushoto ni lazima uhamishe hatamu kwanza, na jambo hilo jicho la mtu anayejua haliwezi kulikosa. Na pale kazini lilikuwepo jicho moja ambalo halikukosa hata kifungo. Jicho hilo ni la Opal Trimble.

Mama Opal alikuwa ametoka Los Angeles, mwembamba, mvi zimefungwa kwa penseli, saa ya kupimia ikining'inia shingoni na chupa ya kahawa pembeni, kahawa ambayo nusu ya Kanab iliinusa kwa masikitiko kwa sababu dini yao haiwaruhusu kuinywa. Tamthilia haipigwi kwa mfuatano. Asubuhi mtu anazikwa, mchana anaoa. Kazi ya Opal ilikuwa kuhakikisha vipande vyote vikiunganishwa vinalingana: sigara ina urefu ule ule, tope liko kwenye buti lile lile. Aliandika kila kitu katika daftari kubwa. Mwongozaji alimwogopa. Stroud alimwogopa zaidi.

Siku ya kwanza Verl alipita ukingoni mwa mto kwa mbio za wastani, akahamisha hatamu, akagusa kofia mara mbili, akaendelea. Mwongozaji akasema inatosha. Opal akasema, "Subiri."

Akamjia Verl na daftari lake.

"Umegusa kofia kwa mkono gani?"

"Wa kushoto, mama."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

Opal akaandika. Verl aliitazama penseli ikitembea, akawa na uhakika kabisa kuwa anaandikiwa mashtaka. Mbadala anayeingiza mambo yake mwenyewe ndani ya mwili wa stelingi anaharibu kazi ya watu hamsini, na Verl angemfukuza mtu kama huyo kwa mkono wake mwenyewe. Lakini Opal alifunga daftari akasema, "Haya, twende," na kazi ikaendelea. Mchana, walipokuwa wakipiga picha za uso wa Stroud ndani ya banda, Verl alikuwa mbali akiwapa farasi maji kama kawaida yake, akimshukuru Mungu kwamba ameponyoka.

Wiki sita baadaye kipande kile kilionyeshwa. Jumatano asubuhi Dada Esplin alipiga simu.

"Ndugu Jepson, sijui umemwambia nini mkeo. Jana ukumbini vidole vyake vimecheza."

"Vimecheza vipi?"

"Vimeinuka. Viwili. Nilikuwa na sahani mkononi, nimemwaga jeli yote."

Verl aliweka simu chini, akatoka nje, akasimama zizini kwa muda bila kufanya lolote. Kisha akaendelea kugusa kofia, kila alipopanda, juma baada ya juma. Na kila Jumatano simu ililia. Kifundo cha mkono kimegeuka. Mkono umefika kiunoni. Amekataa kukokotwa, anataka ile fremu ya chuma atembee mwenyewe mpaka ukumbini, na ole wake atakayemshika kiwiko. Mwishoni mwa Agosti mkono ulikuwa unafika kidevuni, ukakomea hapo.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Verl hakulisema kwa mtu. Katikati ya Julai farasi wake aliteleza kwenye mawe ya mto, wakaanguka wote, na mbavu mbili za Verl zikapasuka. Alifungwa bendeji chini ya shati, akakaa wiki tatu bila kupanda. Nafasi yake alipewa Delbert, jamaa wa Fredonia, mpandaji mzuri anayeongea sana.

"Pumzika, mzee," Delbert alimwambia. "Nitaanguka kwa niaba yako, na nitaanguka kwa madaha zaidi."

Verl aliona aibu kumwambia kuhusu kofia. Wala hakumwambia Nedra kuhusu mbavu, kwa sababu tangu augue, mkewe alikuwa na neno moja alilolirudia kila Jumapili wakiagana: "Usianguke, Verl. Tukianguka wote wawili, nani atamwinua mwenzake?" Basi Jumapili zile alikaa wima kama mlingoti, akacheka kwa uangalifu, akarudi nyumbani akiuma meno.

Sasa sehemu ya kumi na nne ilikuwa inakuja, Jumanne ya pili ya Septemba, na mbio zake zote zilikuwa zimepigwa katika zile wiki tatu. Verl alihesabu, akahesabu tena. Hapakuwa na kipande chake hata kimoja. Nedra angekaa pale, mkono umejiandaa, asisalimiwe. Na zilikuwa zimebaki wiki mbili tu madaktari wamtazame. Usiku wa kuamkia Jumanne hiyo hakulala, na asubuhi akaomba ruhusa ya kutoka mapema, akapakia chupa ya matunda ya pichi kama zawadi, alasiri akaondoka kwa barabara ya mji wa Hurricane. Alikusudia kumwambia mapema: leo hutaniona, usivunjike moyo, kosa ni langu.

Gurudumu likapasuka njiani. Alipofika ilikuwa saa moja na nusu jioni, jua linazama nyuma ya majabali, na kutoka ukumbini alisikia vishindo vya farasi.

Aliingia taratibu akasimama nyuma. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona tamthilia ile. Wagonjwa kumi na tano hivi walikuwa wamepanga viti, Nedra mbele kabisa na ile fremu yake. Kwenye televisheni Delbert alikuwa anateremka kilima, mgongo kwa kamera, shati la buluu. Verl alijiandaa kwa ubaya.

Delbert akahamisha hatamu. Akagusa kofia kwa mkono wa kushoto. Mara mbili.

Verl hakuelewa. Kisha picha ikabadilika, ukaja uso wa Garrett Stroud, mkubwa, meno yote, akisimamisha farasi mbele ya kibanda cha mjane. Naye akainua mkono wa kushoto, akagusa kofia mara mbili. Na ukumbi mzima, mzee wa mgodi mwenye mrija puani, mama aliyesahau majina ya wanawe, wote wakainua mkono wowote ulioweza kuinuka, wakagusa vichwa vyao mara mbili, bila mtu kucheka, kama watu wanaoitikia salamu kanisani.

Hapo Verl alielewa. Opal hakuwa ameandika mashtaka. Siku ile ya kwanza alikuwa na njia mbili: atupe kipande cha Verl, au abadilishe mkono wa Stroud. Akabadilisha wa Stroud. Na wa Delbert. Na wa yeyote ambaye angewahi kuvaa koti lile. Tangu mwezi wa tano salamu ya Verl kwa mkewe ilikuwa imeandikwa daftarini kama sheria, na watu hamsini walikuwa wanaitunza bila kujua ni ya nani. Shukrani ilimjaa.

Kisha akamtazama Nedra. Nedra hakuwa ameinua mkono.

"Dada Jepson," alisema mzee wa mgodi, "mumeo kakusalimu. Mjibu."

"Huyo siye."

"Siye vipi? Si huyo sherifu?"

"Nimesema siye. Na yule wa kwanza siye pia. Yule anakaa kama gunia la viazi." Sauti yake ilikuwa na woga ambao Verl hakuwahi kuusikia. "Kwa nini siye?"

"Niko hapa, Nedra," alisema Verl.

Viti vyote viligeuka. Mzee wa mgodi alimpima Verl kutoka buti hadi kofia, na uso wake ukaanguka kwa masikitiko.

"Ndiye huyu? Kwenye televisheni ana meno mazuri zaidi."

Verl akapita katikati yao, akapiga goti mbele ya mkewe. "Umejuaje?"

"Verl Jepson, miaka thelathini nimesimama mlangoni nikikuangalia ukiondoka. Mgongo wako nimeuona kuliko uso. Wengine wakigusa kofia, mimi napumzika. Najibu wewe tu." Akamkazia macho. "Umeanguka lini?"

"Sijaanguka."

"Verl."

"Julai. Mbavu mbili. Zimepona, nakuapia."

Nedra akapumua. Mkono wa kushoto ukatoka mapajani. Ulifika kiunoni, ukafika kifuani, ukafika kidevuni pale ulipozoea kukomea. Dada Esplin, mlangoni, aliacha kutembea. Mkono ukapita kidevu, ukanyooka mbele, vidole vikaufikia ukingo wa kofia ya Verl vikaukamata. Akaivuta. Kofia ikatoka kichwani, ikabaki mkononi mwake.

"Umeingia ndani ya nyumba na kofia," alisema Nedra. "Na mbele ya wagonjwa."

Verl alilia waziwazi, na hakujali nani anaona. Televisheni ilikuwa bado inapiga risasi.

Zile pichi hazikuliwa St. George. Nedra alimwamuru azirudishe Kanab kwa mtu aliyestahili, akampa na ujumbe. Asubuhi iliyofuata Verl alimkuta Opal chini ya mwavuli wake, akinoa penseli.

"Hizi ni zako, mama. Mke wangu alizifunga mwenyewe kwenye chupa mwaka jana."

"Nimefanya nini?"

"Ile kofia," alisema Verl. Akamweleza yote akiwa amesimama, kuanzia uzio wa mzee Heaton hadi ghorofa ya pili, akiyatazama mabuti yake. "Mimi nilidhani utanifukuza. Kumbe ulikuwa unanibeba. Mke wangu anarudi nyumbani kwa sababu yako. Sina neno kubwa zaidi ya asante, kwa hiyo naleta hilo hilo."

Opal alikuwa ameacha kunoa penseli. "Sikujua ni ya nani," alisema. "Niliona tu mtu amehamisha hatamu ili asalimu. Nikasema, hakuna anayejisumbua hivyo bure. Nikawaambia wote wafanye vilevile. Yule Stroud alilia siku nzima kwamba bega linamuuma."

"Kuna ujumbe pia."

"Sema."

"Anasema mikono inalingana, lakini migongo hailingani. Anasema kila Jumanne alikuwa anatofautisha."

Opal alimtazama, akafungua daftari, akapitia kurasa kadhaa, akalifunga. "Miaka kumi na tisa," alisema. "Miaka kumi na tisa hakuna aliyenikamata." Akaanza kucheka, kicheko kikavu cha mtu asiyekitumia mara nyingi, akafuta macho kwa mkono ulioshika penseli. "Akitoka huko mlete hapa. Namhitaji."

Nedra alitoka tarehe ishirini na tisa ya Septemba, kwa miguu yake na mkongojo mmoja, na ghorofa ya pili hakuiona mpaka leo. Wiki iliyofuata alikuwa chini ya mwavuli ule ule, amewekewa kiti kando ya Opal. Mmoja akinywa kahawa, mwingine akiinusa kwa masikitiko.

Kwa mbali wapanda farasi wawili wenye mashati ya buluu walikuwa wanajiandaa, kwa sababu Delbert alikuwa amebakizwa kusaidia. Mmoja wao akateremka kilima kwa mbio, mgongo kwa kamera, vumbi likitimka nyuma yake, akahamisha hatamu, akagusa kofia kwa mkono wa kushoto, mara mbili.

Opal hakuandika kitu. Alishika penseli hewani, akamgeukia jirani yake.

"Ni yeye?"

Mkono wa kushoto wa Nedra ulikuwa tayari umeinuka.

"Ni yeye," alisema, na Opal akaandika.